Siku Tatu za Bibi Bukuru

Masika haya ya 2014, nikiwa Kasulu nasahihisha ripoti za wanachuo wangu, harufu ya muhogo uliolowekwa iliingia dirishani: kali, chachu, kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni. Wageni huziba pua. Mimi nilicheka peke yangu, maana ilinirudisha Kibondo, darasa la sita, siku niliyokaribia kuikosa safari ya kwanza ya maisha yangu.

Mwalimu wetu wa sayansi, mama wa Kitanga aliyehamishiwa kwetu, alitutaka tueleze kazi moja ya nyumbani, na chini ya kila jambo tumtaje aliyetufundisha. Maelezo bora yangesomwa kwenye maonyesho ya shule huko Kasulu. Kasulu! Nilikuwa sijapanda hata lori. Nikaandika namna ya kuuondolea muhogo mchungu sumu yake, jambo nililofundishwa na jirani yetu Bibi Bukuru, mjane asiyejua kusoma. Lakini jina lake niliona halina uzito karatasini. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa nikaandika: "Kwa mujibu wa Bwana Shamba, muhogo ulowekwe siku tatu."

Yakachaguliwa yangu! Safari ilikuwa kesho yake, na Bwana Shamba, afisa kilimo wetu, akaalikwa kuyasikiliza. Nilisoma kwa furaha, hadi alipoinua mkono.

"Mimi, binti? Nilisema lini? Nina wiki mbili tu hapa, ugali wenu wenyewe bado unanishinda!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Haya, mwanangu, maneno haya ni ya nani?"

"Ya Bibi Bukuru," nilijibu, nikiiona Kasulu ikiyeyuka.

"Basi twende tukamwulize," akasema Bwana Shamba, na darasa zima likamfuata kwenye tope, kelele kama za harusi.

Bibi alikuwa uani akimenya muhogo. Alisikiliza, akanitazama. "Siku tatu ni za kiangazi, mwananje. Mvua kama hizi, maji yakiwa baridi, ni tano, na uuminye kwanza. Ukiwa mgumu, uache majini. Unataka kuua watu kwa jina la mgeni? Huyu hata kumenya hajui!"

"Kweli, Bibi, sijui," Bwana Shamba akakiri, akitoa daftari. "Rudia polepole, niandike."

Mwalimu akanipa karatasi mpya na muda wa saa moja niandike upya. Asubuhi nilikuwa juu ya lori, nywele zimejaa upepo na manyunyu, jina la Bibi Bukuru likiwa mfukoni mwangu.

Kwa miaka mingi nilidhani nilikuwa nimesamehewa uongo tu. Nilipoanza kuandika ripoti zangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba jina la chanzo ni mlango: msomaji mwenye shaka hubisha hodi, na lazima ndani awepo mtu anayejua. Kama Bwana Shamba angependa sifa akanyamaza, siku zangu tatu zingefika Kasulu, zikaingia madaftarini mwa watu, kisha vyunguni mwao, na mvua ingali inanyesha.