Sare ya Binti wa Fundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sawasawa, kwa sababu nguo haikutoka dukani kwake mpaka ameitundika, akarudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja na kusema, "Sasa sawasawa." Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Wateja wenye vitambi walimpenda mno, maana akishawashonea, vitambi havionekani.

Binti yake wa pekee alipinda mgongo tangu alipoanza kutembea. Daktari alimwekea vyuma viwili kandokando ya uti wa mgongo, vya kurefushwa kila baada ya miezi kadhaa, ili mtoto aendelee kukua na mapafu yapate nafasi. Hakuficha kitu.

"Mama, chuma kinaweza kukatika. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Na kila tukirefusha, tunampasua tena."

Fundi alipiga moyo konde, akakubali.

Mambo yalikwenda vizuri muda mrefu. Kisha sare ya shule ikaanza kushuka upande wa kushoto. Mzazi mwingine angeuliza mgongo una nini. Fundi alifumua pindo, akalishona upya. Baada ya wiki chache likashuka tena, naye akaongeza sponji begani. Mtoto hakulalamika maumivu. Mdogo wake fundi, ambaye hajui kunyamaza, akamwaga sifa: "Dada, mtoto kanyooka kama rula! Mungu aibariki hiyo mikono."

Siku ya kliniki, picha ilionyesha chuma cha kushoto kimekatika na mgongo umepinda kuliko zamani.

"Hukuona bega likishuka?" daktari aliuliza.

"Niliona. Nikarekebisha nguo."

Fundi alilia pale pale kwenye kiti, bila hata kujifunika uso.

Chuma kikabadilishwa. Kidonda kikatunga usaha, mtoto akalazwa tena, homa ikawa inapanda na kushuka, na ikasemwa wazi kwamba huenda vyuma vyote vikatolewa. Havikutolewa. Siku ya kuruhusiwa fundi aliuliza, "Na hiki kikikatika, nitajuaje?"

"Utamwona anaegemea upande. Mwangalie tu."

Aliporudi mtaani hakupitia dukani kwake. Alimnunulia binti sare ya kawaida, zile zinazotundikwa madukani kwa saizi. Mdogo wake nusura azimie.

"Mtoto wa fundi avae nguo ya kununua? Unatutia aibu, dada!"

"Nataka nimwone mgongo."

Asubuhi binti alisimama mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku.

"Mama, kila kitu kinaonekana."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hata wenzangu wataona?"

Kwa sindano na dakika chache tu angeweza kuyaficha yote. Alimfunga vifungo mpaka shingoni, akamfungulia mlango.