Maharage Kwenye Kiwanja cha Ndege

Enzi zetu ndege haikuwa kitu cha kupiga picha. Ilikuwa kazi. Kijijini kwetu, huku juu Ufipa, kiwanja cha ndege kilikuwa ukanda wa udongo mgumu usio na uzio, na hapakuwa na mahali pengine pagumu penye upepo kama pale. Basi kila kiangazi akina mama walipuria maharage hapo hapo. Ndege ndogo ya kubeba wagonjwa ilikuwa ikifika inazunguka mara moja, watu wanaburuta maturubai pembeni, ndipo inarudi kutua.

Rubani alikuwa mzee mpole, mwenye kikohozi. "Shikamoo rubani!" sisi watoto tunapiga kelele. "Marahaba, askari wangu wa anga!" Alitugawia mifuko ya karatasi ya kutapikia. Tuliitia karanga tukaringa nayo shuleni, hatujui ni ya nini.

Kwa kuwa fimbo za kupuria ziliwaziba wakubwa masikio, kazi ya kusikiliza ilikuwa yangu. Mama alinionya kila asubuhi: "Ukiisikia tu, piga kelele. Usianze kuishangaa."

Siku ile upepo ulikuwa mkali na baridi inauma. Nililala kifudifudi kwenye nyasi, pembeni. Nilikuwa na swali lililoninyima raha wiki nzima: je, magurudumu ya ndege huzunguka kabla hayajagusa ardhi? Niliisikia mapema, mapema kabisa. Lakini nikipiga kelele ningeitwa kubeba magunia, nisione. Nikasema moyoni, atasikia mwingine.

Ilizunguka. Fimbo ziliendelea. Rubani alijua tunahama, kama siku zote.

Mama alikuwa katikati. Alipoinua kichwa ndege ilikuwa imeshashuka. Rubani aliikwepesha, gurudumu likaingia kwenye matuta tuliyolima hadi ukingoni, ndege ikapiga pua chini na kupinduka. Maharage yalitapakaa hadi kwenye kioo kilichopasuka. Rubani hakutoka mzima.

Wakubwa walimtafuta mwenye kosa, wakampata mama. "Yule wa maharage," wakamwita, sokoni na hata kanisani. Yeye aliniuliza mara moja tu, "Mwanangu, hukusikia?" Nikasema sikusikia, upepo. Mwaka ule niliacha shule, nikaanza kuzurura: Namanyere, Kasanga, kokote ambako hakuna anayenijua.

Siku hizi vijana wa Sumbawanga wakisikia ndege wanainua simu: "Mshikaji, cheki dege!" Nawacheka, kisha nawaonea wivu. Hakuna anayesubiri kelele zao ili apone.

Mama amezeeka, masikio yamekwisha. Juzi tulikaa nje, ndege ikapita mbali. Aliniona nimeinua kichwa.

"Imezunguka?" akauliza, huku akikusanya khanga yake.

"Hapana, mama. Imepita tu."

"Afadhali unasikia siku hizi," akasema.

Magurudumu hayazunguki, niliyaona. Hadi leo sijamwambia.