Nimerekodi albamu ya country peke yangu, kumbe muda wote namsubiri Kamau aitikie

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa chai. Hii imenitokea mwenyewe hapa DMV, yaani Washington na vitongoji vyake, na aliyewahi kucheza kwenye sherehe zetu za Laurel atanitambua hata nikijificha nyuma ya ID hii.

Mimi ni wa Makambako, gitaa nimejifunzia kwaya ya kanisani. Country nimeikuta huku.

Aliyeniambukiza ni Kamau, Mkenya wa Nakuru, tulikuwa tunapaki magari ya wageni kwenye hoteli moja Alexandria, hapa hapa DMV. Kwao Jumapili wakitoka ibada, redio ni country mpaka jioni, na baba yake anasikiliza akiwa na kofia kichwani ndani ya nyumba. (Wale wa "huo muziki wa wazungu", tulieni kwanza.)

Tukaanzisha bendi. Mapigo ya country, maneno Kiswahili. Tumepiga harusi, send-off, kipaimara, mpaka misiba.

Mimi naimba mstari, Kamau anaitikia. Akiwa na furaha anaitikia vitu ambavyo hatukupanga, anamtaja mama mkwe wa mtu kwa jina, ukumbi mzima unainuka kuja kututunza. Tukirudi kwenye gari namgombeza kwamba ananiharibia wimbo.

Nilikuwa na raha sana miaka ile, wakuu. Sikujua tu.

Halafu Kamau akarudi Nakuru moja kwa moja, kumuuguza mama yake. Hakuna aliyegombana na mtu. Bendi ikafa kimya kimya.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Akasema nyimbo unazo, sauti unayo, warekodie basi hata watoto. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye studio kwenye basement yake Silver Spring. Gitaa nikapiga mwenyewe, besi mwenyewe, mambo safi.

Shida ikaja kwenye kuimba. Yule mzee akasimamisha mitambo, akaniuliza kwa nini kila nikimaliza mstari nanyamaza. Nikabisha. Akanirudishia nisikie.

Ni kweli. Mstari, kimya, gitaa linatembea peke yake, ndipo naendelea. Nyimbo zote. Nilikuwa namwachia Kamau nafasi yake bila kujua.

Nikajaribu kuimba bila kusubiri, nikawa kama mtu anayekimbizwa. Mzee akashauri ayakate hayo mapengo, au nitafute mtu wa kuitikia. Nikaomba nikafikirie nyumbani.

Roho iliniuma. Kumweka mtu mwingine pale ni kama kumzika Kamau akiwa hai. Kuyakata ni kumfuta. Kuyaacha, watu watasema albamu haijaisha.

Kesho yake nikaiweka ile rekodi garini nikimpeleka binti yangu mazoezi ya mpira. Huyu Kiswahili anaelewa chote, ila kujibu ni Kiingereza tu. Nikamuuliza kama hayo mapengo yanamkera. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi.

"Baba, that's where Uncle Kamau goes."

Nikampigia mzee, nikamwambia pale ni pa Kamau, asiguse kitu.

Albamu ilipokamilika nikamtumia Kamau kabla ya mtu yeyote. Tiki za bluu zikatokea, jibu hakuna. Siku zikapita. Niliteseka, nikijua ameona nimejifanya staa bila yeye.

Mwishowe ikaingia voice note, ndefu. Nikaifungua kwenye parking ya kazini.

Hakuna hata salamu. Albamu yangu inacheza, naimba mstari, halafu Kamau huyo anaitikia. Wimbo baada ya wimbo, hakuacha pengo hata moja. Katikati akamtaja mama mkwe wangu kwa jina, na nyuma yake nikamsikia mama yake mgonjwa akicheka.

Mwisho kabisa ndipo akaongea.

"Buda, kumbe place yangu bado iko."

Nililia, sifichi. Nikachelewa kuingia kazini.

Nilichojifunza ni kwamba albamu yangu ina jina moja kwenye kava, ila sijaiimba peke yangu. Nyie mliowahi kuimba na mtu ambaye sasa yuko mbali, sehemu yake mnaifanyaje? Shusheni hapa, nasoma zote.

Na wale wa "lete link", nitaleta. Sharti ni moja tu: ukifika penye kimya, itikia.