Pole ya Nini?

Wanafunzi walimwita Bi Kwanini. Alijua, na hakuona haja ya kukasirika. Alifundisha kemia, lakini kazi iliyompa jina hilo ilikuwa kusimamia miradi ya utafiti ya kidato cha sita. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua swali lake mwenyewe, alifuatilie mwaka mzima bila kushikwa mkono, kisha asimame mbele ya jopo la walimu alitetee. Sharti la Bi Kwanini lilikuwa moja: usilete swali ambalo jibu lake unalo mfukoni. Kila mwaka walimletea yale yale. Madhara ya simu kwa vijana. Faida za kunywa maji. Aliyasoma yote hadi mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, "Kwa nini unauliza kitu unachokijua?" Wengi walitoka ofisini mwake wamenuna.

Sasa tuseme ukweli. Huyu aliyefundisha watoto wa watu kuuliza alikuwa na swali moja nyumbani kwake lililomshinda. Mumewe alikuwa fundi umeme, na tangu mwaka uanze mkoba wake wa vifaa ulikaa nyuma ya mlango, bisibisi na koleo ndani, haujaguswa. Alisema kazi zimepungua. Lakini simu iliita, tena mara nyingi, naye aliiacha iite mpaka ikachoka. Jioni alikuwa anakaa sebuleni bila taa, bila redio. Watoto wao walikuwa watu wazima na makwao, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutumwa kumchokonoa.

"Habari za kutwa, baba?"

"Nzuri."

"Huna neno?"

"Sina neno, mama. Labda wewe."

Basi, yameisha. Mwalimu aliingia jikoni na kugongagonga sufuria kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na hofu, wala tusiipambe kwa jina jingine. Mwanzoni alidhani kuna mwanamke. Baadaye akadhani ni ugonjwa, akaona heri angekuwa mwanamke.

Mwaka huo huo binti wa fundi cherehani, mrefu, mpole wa sauti, alimletea swali lisilofanana na ya wenzake. Alitaka kujua kwa nini mgonjwa akiulizwa habari husema nzuri. Angekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje hospitalini akiwa na dodoso lake, yaani karatasi ya maswali, awasalimie watu na kuandika wanavyojibu. Bi Kwanini alilipenda swali hilo papo hapo. Alilificha pendo hilo, maana hakuwa mtu wa kumvimbisha mwanafunzi kichwa.

Baada ya wiki kadhaa binti alirudi na uso wa mtu aliyetumwa sokoni akakuta pamefungwa.

"Mwalimu, imekwama. Wote ni nzuri. Kuna mzee mguu wote bandeji, ananiambia safi kabisa."

"Na walioletwa hawajiwezi?"

"Kuna mmoja wamemleta kwenye kiti cha magurudumu. Amesema mzima wa afya."

Bi Kwanini alikaribia kucheka, akajifanya anakohoa. "Rudi ukafikirie," alisema. Hakumpa msaada mwingine. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kutotoa msaada.

Safari iliyofuata binti aliingia na madodoso yamejaa mpaka nyuma, mwandiko umebanana pembeni kwa kukosa nafasi. Alikuwa amebadilisha neno moja tu. Badala ya kuanza na habari, alikaa kando ya mgonjwa, akasalimia, kisha akasema pole. Watu walifunguka. Yule mzee wa bandeji alianza na kifo cha mkewe, akapita kwa wanawe wasiopiga simu, mguu akaufikia mwishoni kabisa.

Bi Kwanini alisoma, akaweka kalamu chini.

"Umewaongoza. Ukimpa mtu pole, umeshaamua kwamba ana tatizo. Huko ni kumtia mtu maneno mdomoni. Jopo litakuchana."

"Lakini mwalimu, sikuwaambia tatizo gani. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

"Na asiye na tatizo?"

"Atasema asante aishie hapo. Au ataniuliza, pole ya nini? Mtu ana nafasi ya kutoka, mwalimu. Ila hawatoki."

Mwalimu aliishika tena kalamu. Kisha akamwagiza afanye kisayansi: siku moja ya habari, siku moja ya pole, benchi lile lile, saa zile zile, na siku ya habari asithubutu kuchanganya. "Ukichanganya umejiharibia," alisema.

Jioni hiyo alimkuta mumewe kwenye kiti chake, gizani. Alikuwa ameshafungua kinywa kwa ajili ya habari za kutwa. Akakifunga. Akasimama pale pale na mkoba wa madaftari begani.

"Pole, baba."

Mumewe aligeuza kichwa. "Pole ya nini?"

"Sijui," alisema. "Kweli sijui."

Hakuongeza neno, na hilo lilimgharimu, maana ulimi ulikuwa unamwasha.

"Asante," mumewe alisema. Kisha akasema, "Waya nyekundu siioni tena, mama. Zote kwangu nyeusi."

Alieleza taratibu. Alikuwa amemfungia jirani soketi mpya, akachanganya waya, friji ya watu ikatoa moshi. Alimdanganya jirani kwamba ni umeme unarukaruka. Tangu siku hiyo aliogopa kushika hata balbu. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu. Kwa la kushoto aliona pembeni kumeliwa na giza, na giza lilikuwa linasogea katikati.

"Kwa nini hukusema?" Lilimtoka tu, jina lake lile.

"Uliniuliza habari," mumewe alisema.

Daktari wa macho wa hospitali ile ile alikuwa mtu wa maneno machache. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, lingefanyiwa upasuaji na lingeona. La kushoto lilikuwa na presha ya macho, mshipa ulishakufa, na kilichopotea hakirudi. "Mngewahi mwanzoni mwa mwaka, tungeliokoa," alisema, huku akiandika. Hakumlaumu mtu. Mume akabaki ndani kupimwa kwa ajili ya upasuaji, na Bi Kwanini akatoka kwenye korido.

Kwenye benchi alimkuta binti wa fundi cherehani na madodoso yake mapajani. Binti alisimama upesi.

"Shikamoo, mwalimu. Habari za hapa?"

"Marahaba. Nzuri," alijibu Bi Kwanini.

Kalamu ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi. Ikasimama. Binti alimtazama mwalimu wake usoni, akatazama mlango aliotokea, akafunika kalamu.

"Leo ilikuwa siku ya habari," alisema, kama anayeomba radhi. "Pole, mwalimu."

Bi Kwanini alitaka kumwambia kwamba amejiharibia utafiti wa siku nzima. Badala yake akakaa kwenye benchi, machozi yakimtoka mbele ya mwanafunzi wake.

"Asante," alisema, akaanza na mkoba uliokaa nyuma ya mlango.