Meza ya Poka ya Watu Wanane

Naomba mcheke mapema, mcheke sasa hivi mmalize, kwa sababu nikifika katikati ya habari hii sitaki mtu anikatize. Mimi Mwiti, kijana wa Kanyakine niliyejiona nimeiona dunia yote kwa kuwa nilifanya kazi Embu, nilimshika mguu mama yake msichana niliyetaka kumuoa. Nilimshika mchana kweupe, chini ya meza, mbele ya mumewe, na wala sikumgusa tu kwa bahati mbaya, nilimng'ang'ania. (Kama hutoki kwetu utasema mguu ni mguu, kelele za nini. Kwetu siku zile mwanamume akikutana njiani na mama mkwe anaingia kichakani ampishe, hali chakula mbele yake, hamtazami machoni, seuze kumshika muundi.) Na yote hayo yalianza na neno moja nililomwambia fundi: "Nane."

Ilikuwa wakati wa imajensi, hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Mimi nilikuwa boi wa mesi ya maofisa pale Embu, kazi yangu kubeba trei na kutosikia kinachosemwa. Katika mesi hiyo palikuwa na meza ya kuchezea poka, na naapa sijaona kitu kizuri kama kile. Ilikuwa na pande nane, juu imefunikwa kitambaa cha kijani, ukingoni ngozi laini ya kuegemeza viwiko, na mbele ya kila mchezaji tundu la kuweka gilasi isimwagike. Nilisimama nyuma yao na trei yangu miezi mingi mpaka nikaujua mchezo wenyewe, nikajua nani ana karata mbaya kwa jinsi anavyokuna shingo, na taratibu nikaanza kujiona kama mmoja wao. Watu wetu walikuwa wanachimbishwa mahandaki kwa lazima, mimi usiku naota meza ya kijani. Ndivyo nilivyokuwa, nifiche nini.

Nikapata likizo ya siku kumi, nikapewa pasi, nikarudi nyumbani nikiwa na jambo moja kubwa moyoni: kumuoa Kagendo. Kagendo alikuwa binti wa Mzee M'Arimi, mzee wa kanisa, mtu mkali aliyewahi kuwafukuza vijana watatu kwenye ushirika kwa kucheza karata nyuma ya soko. Asali ya posa alikuwa ameshaipokea. Kilichobaki ni yeye na watu wake kuja kuiona nyumba yangu, na wakiridhika, siku ya harusi ipangwe. Mtu mwenye akili zake angepaka kuta chokaa akatulia. Mimi nikaenda kwa fundi.

Fundi Mutuma alikuwa mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Nikamweleza meza yangu, akakuna kidevu akaniuliza ni ya watu wangapi.

"Nane," nikasema.

"Una marafiki saba wewe?"

(Nilikuwa na wawili, mwalimu na karani wa soko, na mmoja wao hakujua hata karata ipi inaila ipi.) Nikamwambia afanye kazi. Akanishauri kwa upole kabisa nichukue ya watu wanne, tena yenye miguu ya kukunja, mchezo ukiisha naiegemeza ukutani nyumba inabaki na nafasi. Nikamjibu kwamba meza ya kukunja ni ya watu wanaohamahama. Akaniuliza upana. Nikamwambia ile ya mesi nilikuwa nimeipima kwa trei, trei nne kamili, tukahesabu tukapata futi saba.

"Na chumba chako ni futi ngapi?"

"Wewe tengeneza meza. Nyumba niachie mimi."

Kumbe nyumba yenyewe hata haikuwa yangu vizuri. Tulikuwa tumetolewa na serikali kwenye vilima vyetu tukapangwa kama mahindi ndani ya kijiji chenye handaki na miti iliyochongwa, kila mtu na kibanda chake, na chumba changu cha mbele kilikuwa futi tisa kwa tisa. Toa saba kwenye tisa. Hata mtoto wa darasa la kwanza anatoa. Mimi sikutoa, kwa sababu kichwani mwangu meza ile ilikuwa bado imesimama katika ukumbi wa maofisa, mkubwa kama kanisa.

Mutuma akaitengeneza kwa mbao za muuru, nzito, miguu minne minene kama ya ng'ombe. Mlangoni ikakataa kupita. Wima ikakataa, kiubavu ikakataa, basi akaing'oa vipande, akaviingiza kimoja kimoja, akaipigilia misumari mle mle ndani, akafuta jasho akasema, "Hii sasa mpaka kufa." Kitambaa nilinunua kwenye duka la Mhindi, kijani kinachong'aa mno, na yule mwenye duka aliniambia nisikiloweshe. Matundu ya gilasi Mutuma aliyatoboa yakatokea upande wa pili, kwa sababu nilimwambia tundu, sikumwambia lina sakafu.

Sasa M'Arimi akasikia habari za meza kubwa (kijijini humo ukikohoa mtu wa mstari wa pili anakuuliza umeanza lini) akanisimamisha njiani.

"Mwiti, nasikia una meza ya ajabu. Ni ya kazi gani?"

Nikafungua mdomo nikasema, "Ya kusomea Neno, baba. Familia yote tukae pamoja." Yaani uongo ulitoka laini mpaka nikajipenda.

Siku ikafika. Karani wa chifu alinipa cheti cha ruhusa ya watu wanane kukutana, kwa sababu siku hizo hata kuposa kulihitaji kibali. Wao walikuja wanne: M'Arimi, mkewe, ndugu yake na dada yake. Upande wetu tulikuwa mimi, mama yangu, shangazi yangu na ami yangu M'Inoti aliyekuwa msemaji. Mpango wangu ulikuwa wanawake wakae chumba cha ndani, ili mama yake Kagendo nisimwone wala asinione. Lakini mguu mmoja wa meza ulikuwa umeuziba mlango wa chumba hicho, na nje mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya ila wote wanane kuizunguka meza moja.

Wakaingia kwa heshima zao, mkubwa mbele, wakijibana ukutani kama watu wanaopita kwenye ukingo wa shimo. M'Arimi akafika mwisho kabisa kule ndani, tumbo likagusa meza, mgongo ukagusa ukuta, na hapo ndipo alipokaa, hakuweza tena kusogea. Mimi wa mwisho nikabaki karibu na mlango. Na meza yenye pande nane ina tabia moja, kila mtu anamtazama kila mtu. Mama yake Kagendo akajifunika leso usoni, mimi nikakodolea macho paa, na mama yangu akaninong'oneza kwa hasira, "Mwanangu, hiki kitu umekitoa wapi?"

M'Arimi akaibariki meza. Naam, aliweka viganja vyake viwili juu ya kitambaa, akaomba sala ndefu ya nyumba itakayosoma Neno, kisha akajipangusa uso na upara. Viganja vilikuwa vimelowa mvua. Alipomaliza kujipangusa upara wake ulikuwa wa kijani. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Shangazi akapitisha uji wa moto katika vibuyu vilivyokatwa nusu, na hapo nikapata raha yangu pekee ya siku ile, kwa sababu kibuyu chenye kitako cha mviringo kilikaa ndani ya tundu sawasawa kama kilizaliwa humo. M'Arimi akakitikisa, hakikumwagika, akatabasamu. "Fundi wa hii meza ana akili." M'Inoti akaanza kutaja siku ya harusi. Nawaambia, nilikuwa nimeoa tayari.

Firimbi ikalia.

Firimbi ya homgadi, wale askari wa serikali waliolinda kijiji, maana yake ilikuwa moja: kila mtu nje, asimame mbele ya mlango wake ahesabiwe, na ikilia ya pili bado umo ndani, una jambo unaficha. Wote wakainuka kwa pamoja, na hakuna aliyeinuka. Viti viligonga ukuta, magoti yakagonga meza, M'Arimi akavuta pumzi, akabinya tumbo, akabaki palepale. Mimi niliyekuwa mlangoni ningetoka tu. Lakini nilitaka kumwokoa baba mkwe aone nilivyo mwanamume, basi nikapiga magoti nikaingia chini ya meza nimvutie kiti chake, atokee huku chini.

Kule chini kulikuwa giza, na matako ya vibuyu manane yakining'inia. Niliyagonga kwa kichwa. Kimoja kikaruka, cha pili kikaruka, uji wa moto ukanishuka shingoni ukaingia ndani ya shati, nikapiga ukelele, nikatapatapa, nikakamata kitu nilichodhani ni mguu wa meza. Kilikuwa na joto. Kilikuwa na ushanga. Halafu kikanipiga teke la kifua, na juu yangu mama yake Kagendo akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani.

Mkubwa wa homgadi akaja mbio na bunduki, na vijana wake wawili. Akaona anachokiona: watu wanane wamebanana kuizunguka meza ya kijani, kila mmoja na tundu lake na kibuyu chake, mzee kule mwisho amepakwa rangi kichwani, na mimi natambaa kutoka chini nimejaa uji.

"Hii ni mesa ya nini? Watu nane, shimo nane! Nyinyi nakula kiapo ya Mau Mau hapa!"

Nikamnyooshea cheti. Kilikuwa juu ya kitambaa muda wote huo, kimelowa uji, kimekuwa kijani kitupu, hata muhuri hauonekani. Akakitupa. Lori lilikuwa linangoja pale barabarani, na wako watu wa kijiji chetu waliopanda lori kama lile tukaja kuwaona miaka mingi baadaye, na wengine hatukuwaona. M'Arimi akanitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie, mwanangu. Mwambie ni ya kusomea Neno."

Nilijua yule mtu hataamini. Nilijua pia nikisema ukweli Kagendo amekwenda. Nilisimama pale uji ukichuruzika, naogopa vyote viwili, na mwishowe nikasema, "Ni ya karata, afande. Ni meza ya kamari. Kama ya maofisa Embu."

"Onyesha."

Nikatoa karata kwenye mkebe wa majani ya chai, na maharagwe ya kuchezea badala ya pesa. Akataka mchezo wenyewe, auone kwa macho yake, na wa kucheza nami akamchagua mzee wa kijani, kwa kuwa hata hivyo alikuwa amekwama. M'Arimi akazishika karata tano kama anashika kitabu cha nyimbo. Akaniuliza bila kunitazama, "Hawa wanawake watatu ni wazuri au wabaya?" Nikamwambia ni wazuri sana, baba. Akawaweka mezani, na mkubwa wa homgadi akacheka mpaka akaegemea bunduki. "Mzee amekula!" M'Arimi akayavuta maharagwe yote kwa mikono miwili, na naapa niliona ameanza kufurahi, kabla hajakumbuka yeye ni nani.

Tukaponea hapo. Lakini yule mkubwa akaipenda meza, akataka ipelekwe posti yao, kituo cha homgadi, na ilipokataa mlango akaamuru ukuta wa mbele ubomolewe. Ulibomolewa kwa majembe, mbele ya kijiji kizima kilichosimama mistari kwenye mvua, na meza yangu ikapita kati yao kama jeneza la tajiri. M'Arimi akatoka kupitia tundu hilo hilo. Akataja kondoo nitakayemlipa ili mkewe niliyemshika atakaswe, akasema hana binti wa kumpa mwongo, akaondoka na upara wake, na watoto nyuma yake wakicheka.

Kagendo alikuwa kwenye mstari. Akaja mpaka ukutani, akachungulia ndani ya kile chumba kitupu.

"Baba atakasirika mwezi mmoja, atapoa," akasema. "Na leo umemwokoa, nimesikia. Lakini nikuulize, Mwiti. Ulipomwambia fundi watu wanane, mimi nilikuwa wa ngapi?"

Nikaanza kuhesabu. Mimi, mwalimu, karani wa soko... Aliningoja kidogo, alinipa nafasi kabisa ya kusema uongo, na siku hiyo ndiyo siku pekee uongo ulikataa kuja. Akajifunika leso yake akaenda. Baadaye aliolewa huko Muthara, na iliniuma, na bado inaniuma nikiwa peke yangu.

Karata sijashika tena, na boi wa mesi niliacha kuwa mwaka ule ule. Mke niliyemuoa baadaye, siku ya kwanza alipoingia nyumbani nilimwambia achague mahali pake kwanza, popote apendapo, mimi nitakaa patakapobaki. Alichagua karibu na mlango, penye mwanga. Mimi nakaa huku nyuma karibu na kuku, na sijawahi kulalamika hata siku moja.