Mbio Zilizosimama

Nikisikia harufu ya mafuta ya mbarika, nakumbuka mvua. Asubuhi ya mbio za shule, mama alinipaka mafuta hayo miguuni ili baridi isiniume.

"Ukiona askari, usikimbie," akaniambia. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na aliyeonekana akikimbia alipigwa risasi. Kila mtoto alikuwa ameonywa hivyo kwao.

Basi tulipokaribia Kianjokoma na kuwakuta askari wamejikinga mvua, sote tulisimama kwenye matope, mikono kichwani.

Mkubwa wao alitutazama miguu.

"Si mlikuwa mnashindana?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa mnangoja nini? Kimbieni."

Nilipofika nyumbani, mama hakuniuliza nilikuwa wa ngapi. Alinipangusa matope kwa leso yake, akasema, "Twende ukale."