Waya Juu ya Kichuguu

Leo nimeanika betri juani zipate nguvu, na ile harufu ya chuma moto imeniudhi kama zamani.

Redio ya baba kule Nakivale, kambini kwa wakimbizi, ilikuwa na kiburi. Haikushika stesheni ya Mbarara mpaka mtu apande kichuguu nyuma ya nyumba na kuinua waya. Mtu huyo nilikuwa mimi, kila mchana wenzangu wakicheza, wakati wa matangazo ya wanaotafuta ndugu.

"Shika muzuri, we mutoto!"

"Minashika, baba! Mukono inauma!"

Siku moja mtangazaji akataja jina la shangazi, dada wa baba tuliyepotezana naye vitani. Yuko hai, anatutafuta, kwa sasa anaishi... Hapo hapo siafu wakaniuma. Nikaachia waya. Nilipouinua tena, anasomwa mtu mwingine.

Kesho yake baba alikwenda hadi studio, Mbarara. Karatasi ya tangazo ilishatupwa.

Tangu hapo hakuniita tena. Alipanda kichuguu mwenyewe, mkono juu, siafu miguuni, mpaka betri ziishe. Afadhali angenichapa.